Sanduku halijafa, limebaki mtaa wa zamani

ULIZA FUNDI

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga picha za harusi, studio yangu ni chumba cha uani nyumbani kwetu Tabata Segerea. Kazi zangu zote tangu 2019 ziko kwenye sanduku la Synology, lile la kuhifadhia faili kupitia mtandao, lenye diski mbili, na laptopu mbili za kuhariria zinachukua kazi humo kupitia diski ya Z. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ruta ikafa. Tukahamia kampuni nyingine, wametuletea faiba na ruta mpya. Intaneti inakimbia mpaka raha. Simu zote zimeingia, televisheni imeingia, sanduku tu ndilo halionekani. Taa zake zinawaka na linaunguruma kama kawaida. Nikibofya Z, laptopu inasema haiwezi kuifikia \\192.168.1.50\Harusi. Nimeweka neno jipya la siri la Waifai, wapi! Programu ya kuhariri imejaa alama nyekundu, inasema faili hazipo. Jamaa aliyefunga ruta alisema hayo si ya kwake. Kijana wa duka la kompyuta hapa mtaani anasema diski zimekufa, anataka azitoe azichomeke kwenye kompyuta yake azifufue, laki moja na nusu. Nina video ya sendofu inatakiwa Jumamosi, na mama wa bibi harusi anapiga simu kuliko mwenye nyumba. Chini ya ruta mpya kuna kibandiko kimeandikwa 192.168.100.1, sijui kama kinasaidia.

Mpiga picha, Tabata

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote jingine: diski zikae zilipo. Huyo kijana huenda hana nia mbaya, lakini sanduku lako halitumii Windows. Ndani yake mna Linux, na diski zimepangwa kwa mtindo ambao Windows haiusomi. Akizichomeka kwenye kompyuta yake kitatokea kidirisha kinachouliza kama aianzishe diski upya au aifomati, kwa upole kabisa, kana kwamba kinamkaribisha chai. Akikubali, harusi zote tangu 2019 zimekwenda, na hiyo laki na nusu utakuwa umelipia msiba wako mwenyewe. Niliwahi kuletewa sanduku la namna hiyo hapa kibandani kwangu Magomeni, la kwaya moja. Walikuja watu wanne, mmoja amelipakata kama mtoto mgonjwa. Diski ilikuwa imeshafomatiwa. Tuliokoa nyimbo chache, tena bila majina, wakawa wanakaa kuzisikiliza moja moja ili wajue ni ipi.

Ugonjwa wa kwako umeuandika mwenyewe kwenye barua, mara mbili, bila kujua. Tazama: laptopu inalitafuta sanduku kwenye 192.168.1.50. Ruta mpya inakaa 192.168.100.1. Soma namba ya tatu, ile baada ya nukta ya pili. Moja, na mia moja.

Unakumbuka 2022 walivyopita mitaani kubandika namba za nyumba na kusimika nguzo za majina ya mitaa? Mtandao wa nyumbani ni hivyohivyo. Kwa mpangilio wa kawaida wa ruta za nyumbani, namba tatu za mwanzo ni mtaa, ya mwisho ni nyumba. Ruta yako ya zamani iliuita mtaa wake 192.168.1, na sanduku likawa nyumba namba 50. Ruta mpya imekuja na mtaa wake, 192.168.100. Simu na televisheni hazina shida kwa sababu zenyewe kila zikiingia huuliza, “Mjumbe, nikae namba ngapi?” na ruta huzigawia. Utaratibu huo wa kuuliza na kugawiwa ndio mafundi wanauita DHCP. Sanduku lako halikuuliza. Aliyekufungia 2019 alilipatia sanduku namba ya kudumu, na alifanya vizuri, maana kitu ambacho laptopu mbili zinakitegemea hakipaswi kuhamahama namba. Sasa limesimama palepale, limeshika kibao cha mtaa ambao haupo tena, linasubiri wageni.

Wala usiilaumu kampuni mpya kwa hilo. Namba zote zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani kama ya kwenu. Waraka unaotumika mpaka leo, RFC 1918, ni wa Februari 1996. Kila mtengenezaji wa ruta anajichagulia mtaa humo. Utakuta 192.168.0.1, 192.168.8.1, hiyo yako ya 100. Hawakukubaliana, na sisi ndio tunaohangaika na vibao.

Kabla hujashika mipangilio, nenda nyuma ya sanduku uangalie tundu la waya wa mtandao. Lina vitaa viwili vidogo. Vikiwaka au kupepesa, waya ni mzima. Vikiwa vimezima, hamisha waya kwenye tundu jingine la ruta, kwa sababu baadhi ya ruta za faiba zina tundu moja lililotengwa kwa king'amuzi. Na kama ruta ina tundu moja lenye rangi tofauti na mengine, hilo ni la kuingizia intaneti, usiliguse. Nasema hivi kwa aibu. Masika ya mwaka juzi radi iliniulia ruta ya nyumbani, nikabadilisha mwenyewe, kisha nikakaa tangu magharibi mpaka saa nne usiku nikilitafuta sanduku langu la picha za familia. Nilibadili namba, nikazima, nikawasha, nikamgombeza kila aliyepita. Mjukuu wangu wa darasa la sita akaniuliza, “Babu, mbona hili tundu ni la buluu na mengine ya njano?” Nilikuwa nimechomeka sanduku kwenye tundu la intaneti. Miaka zaidi ya thelathini ya ufundi.

Haya, waya ni mzima. Njia ninayoipenda ni kuihamishia ruta kwenye mtaa wa zamani, badala ya kulihamisha sanduku. Fungua kivinjari kwenye laptopu, andika 192.168.100.1, ingia kwa jina na neno la siri vilivyoandikwa kwenye kibandiko hichohicho. Tafuta sehemu ya LAN, yaani mtandao wa ndani. Pale penye anwani ya ruta futa 192.168.100.1, weka 192.168.1.1. Hapohapo kuna sehemu ya DHCP yenye namba ya kuanzia kugawa na ya kumalizia. Weka kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.200. Ukiacha igawe kuanzia 2, siku moja itampa mgeni wako namba 50 kwenye simu, na sanduku litagombana na simu ya shangazi. Hifadhi.

Hapa ndipo wengi wanapata kiwewe: ukurasa utaganda. Haujaharibika. Umehamisha nyumba ukiwa umekaa ndani yake. Subiri ruta ijiwashe, zima Waifai ya laptopu na uiwashe tena, halafu andika anwani mpya, 192.168.1.1. Ukiona ukurasa wa ruta, bofya Z. Kama sanduku lilipangwa kawaida, harusi zako zitakuwa pale, na programu ya kuhariri itafuta alama nyekundu yenyewe, kwa kuwa kwayo hakuna kilichobadilika.

Lakini kuna kampuni zinazomfungia mteja sehemu ya LAN. Utaingia, utaiona ruta yako, lakini hiyo menyu haipo. Wapigie huduma kwa wateja uwaombe wakubadilishie wao. Ni kazi ya dakika chache. Wakikuzungusha, basi wewe ndiye utakwenda mtaa wa zamani kulifuata sanduku. Chukua waya wa mtandao, chomeka upande mmoja kwenye laptopu na mwingine moja kwa moja kwenye sanduku, bila ruta katikati. Laptopu isiyo na tundu la waya itahitaji adapta ya USB, Kariakoo zimejaa. Zima Waifai. Kwenye mipangilio ya mtandao wa waya wa laptopu, acha kuomba anwani, andika kwa mkono 192.168.1.20, na kwenye mstari wa barakoa ya mtandao (Subnet mask) weka 255.255.255.0. Mlango wa kutokea (Gateway) usiuandikie kitu. Sasa ninyi wawili ni majirani, namba 20 na namba 50. Fungua kivinjari, andika 192.168.1.50:5000, na ukurasa wa kuingilia wa Synology utatokea. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, liambie sanduku liombe anwani lenyewe, hifadhi. Lirudishe kwenye ruta, na laptopu nayo irudishe kwenye kuomba, la sivyo kesho utaniandikia kwamba intaneti imekufa.

Baada ya hapo sanduku litapewa namba ya mtaa wa 100. Kuiona, fungua find.synology.com ukiwa kwenye mtandao wa nyumbani. Kisha kwenye ruta, kama inaruhusu, ifungie namba hiyo isije ikapewa mwingine. Njia hii ina gharama yake: diski ya Z bado inaelekea anwani ya zamani. Iondoe, uiunganishe upya kwa anwani mpya, lakini herufi iwe ileile Z na folda iwe ileile Harusi, kwenye laptopu zote mbili. Programu ya kuhariri inakumbuka Z. Ukiipa Y utakaa usiku kucha ukiionyesha klipu moja moja, na Jumamosi itakukuta hapo.

Laptopu ikikuuliza jina na neno la siri, inataka la sanduku, lile uliloundiwa 2019. La Waifai halihusiki hapa, wala namba ya kufungulia Windows. Na kama sanduku halionekani kwenye orodha ya Network ya Windows huku ukurasa wa Synology unafunguka vizuri, angalia Windows imeuchukuliaje mtandao mpya. Mtandao ambao haijawahi kuuona mara nyingi huuhesabu kama wa hadharani, sawa na Waifai ya mgahawani, ikajifunika shuka. Nenda kwenye sifa za mtandao uliounganishwa, badilisha kutoka “Public” kuwa “Private”. Jambo jingine la kuchunga: ruta nyingi zina Waifai ya pili ya wageni, ambayo inatoa intaneti lakini inakuzuia kuona vitu vya ndani. Ukiwa umeingia hiyo, sanduku hutaliona hata likiwa mezani mbele yako.

Kitundu cha RESET cha sanduku, si cha ruta, nimekiacha mwisho kwa makusudi. Ukiwa umesahau neno la siri kabisa, chukua kile kisindano cha kutolea laini ya simu, kibonyeze taratibu huku ukihesabu. Kama sekunde nne sanduku litapiga mlio mmoja. Achia hapo hapo. Linarudi kwenye kuomba anwani, na neno la siri la msimamizi linafutwa, faili zinabaki. Usirudie kubonyeza mara ya pili kwa pupa, maana mpigo wa pili ukifuata haraka unaliandaa sanduku lisakinishiwe mfumo upya, na sitaki ufike huko na sendofu haijatoka. Hii ni ya Synology. Masanduku mengine yana hesabu zake, usiwaazime majirani maelekezo.

Ukishaliona, kitu cha kwanza kabla hata ya kumjibu mama wa bibi harusi: nakili hiyo video ya sendofu kwenye diski ya nje. Diski mbili ndani ya sanduku moja, kama zimepangwa kuandika kitu kilekile, zinakukinga diski moja ikifa. Umeme ukirudi kwa kishindo kama ule, unaweza kuziua zote mbili kwa pamoja. Ruta imekufia wewe, sanduku likapona, na naona hata UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, hujaitaja.

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimestaafu, naishi Kigamboni. Sanduku langu la picha nililifungua ili binti yangu aliye Mwanza aingie moja kwa moja kwa anwani ya nyumbani. Tangu nihamie ruta ya 5G ya laini ya simu, mimi nyumbani naingia vizuri, yeye haingii. Nimefungua mlango kwenye ruta kama zamani, hakuna kitu.

Mstaafu, Kigamboni

Jibu: Salama, mzee wangu. Ingia kwenye ruta, angalia anwani iliyopewa kutoka nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mlango wako umeufungua vizuri kabisa, ila umeufungulia ndani ya ghorofa. Kampuni nyingi za simu zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa kuwa anwani za aina ya zamani zilikwisha. Binti yako anafika getini na askari hajui anayetafutwa yuko chumba kipi, kwa sababu ufunguo ulionao kwenye ruta yako ni wa chumbani, wa geti huna. Hakuna utakachobonyeza kwenye ruta kikaondoa hilo. Unaweza kuiuliza kampuni kama inatoa anwani ya nje ya kwako peke yako, na ni kwa malipo gani.

Mimi nisingeiomba, hata wangenipa bure. Kuliacha sanduku wazi kwa dunia nzima ni kualika watu usiowajua. Juni 2021 wenye masanduku ya My Book Live waliamka wakakuta faili zao zimefutwa, na Western Digital yenyewe ikawaambia wayachomoe kwenye intaneti. Januari 2022 kirusi cha DeadBolt kikaanza kufunga faili kwenye masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi kwenye intaneti na kudai malipo. Tumia huduma ya kuunganisha ya mtengenezaji wa sanduku lako, kama ipo, au programu kama Tailscale: unaiweka kwenye sanduku na kwenye simu ya binti, vyote viwili vinatoka nje vyenyewe kwenda kukutana, geti halihusiki. Ukishaona inafanya kazi, rudi kwenye ruta ufunge ule mlango uliofungua.

Na umwambie binti asipakue albamu nzima akiwa kwenye bando. Picha zinatoka kwako kwa kasi ya kupandisha, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ile ya kushusha unayoiona ukipima.

Swali: Kwa kifupi fundi: nimebadili ruta, sanduku linaonekana, lakini kunakili filamu kumegota kwenye MB 11 kwa sekunde. Zamani ilifika 100 na ushee.

Sinza

Jibu: Hiyo 11 inajitaja yenyewe. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde, ukigawanya kwa 8, unakupa MB 12 na nusu, na kidogo inaliwa njiani. Kwa hiyo mahali fulani kati ya laptopu na sanduku kuna kipande kinachokwenda kwa 100 badala ya 1000. Huenda ni ruta mpya; za bei ya chini zina matundu ya 100, angalia boksi lake. Kama ndivyo, usiirudishe dukani. Nunua swichi ndogo ya mtandao ya gigabiti, yaani ya 1000, chomeka sanduku na laptopu kwenye swichi, halafu waya mmoja uende kwenye ruta. Faili zitapita kwenye swichi, ruta ibaki na intaneti yake.

Ikiwa ruta ni ya 1000, shika waya. Ndani mna nyuzi nane, na gigabiti inazitaka zote. Ukikatika mmoja tu, mara nyingi vyombo vinashuka kwenye 100, ambayo inatumia nne, na vinaendelea kimyakimya. Jaribu waya mwingine ulioandikwa Cat5e au Cat6. Na ukiwa unautoa ule wa zamani nyuma ya kabati, upitishe mkono taratibu kwa urefu wake wote. Wa mteja wangu mmoja wa Mwananyamala ulikuwa mzima ncha zote mbili. Katikati, chini ya zulia, panya alishaula nusu.